Ukirusha droni Kampala, ogopa upepo kabla ya mvua

Wapiga picha wengi wa sherehe hungoja tone la kwanza ndipo washushe droni. Hapo wameshachelewa. Wingu la radi linaponyesha, hewa baridi huporomoka nalo na ikifika chini husambaa pande zote. Upepo huo hutangulia mvua, hata kwa kilomita 10 na zaidi. Jua bado linawaka, lakini mahema ya kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba kwa wazazi, yameanza kupigapiga: shusha.

Radi si mgeni Uganda. Kati ya 1967 na 1976, Tororo ilihesabiwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka. Kwetu kando ya ziwa Victoria, mawingu hujengeka juu ya maji usiku, na asubuhi hutufikia. Alasiri hujengeka nchi kavu. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, napenda kurusha kuanzia saa nne hadi saa sita. Kibali cha UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Uganda, ni lazima uwe nacho, ila wingu halikisomi.

Sasa upepo wenyewe. Droni ndogo nyingi huvumilia takriban mita 10 kwa sekunde, na mwendo wao wa kawaida ni karibu huo huo. Upepo wa kasi hiyo ukiikabili, droni inasimama palepale ikila betri. Kitufe cha kuirudisha nyumbani, ambacho watu wanakiamini mno, mara nyingi huipandisha kwanza, na huko juu upepo ni mkali zaidi. Mimi hukighairi, naishusha hadi juu kidogo ya miti, naweka modi ya spoti, ile ya kasi zaidi, na kuirudisha mwenyewe. Ikishindwa, naitua kwenye uwanja wowote mtupu na kuifuata kwa boda. Ndiyo maana naanza kwa kuipeleka kule upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi isukumwe.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Zisipofika 30, tua droni haraka, kisha ingia ndani ya nyumba au gari. Hema si kinga.

Ssenga, shangazi wa bibi harusi, atalalamika: “Mwanangu, mvua iko wapi? Wakwe ndio wanaingia!” Namjibu, “Samahani ssenga, nitawapiga picha kwa kamera ya mkononi.” Kwenye mkataba nimeshaandika kwamba uamuzi wa kurusha ni wangu, na malipo hayapungui kwa sababu ya hali ya hewa.

Droni ikiloa, toa betri na usiiwashe eti kujaribu mpaka ikauke kabisa. Betri iliyovimba usiichaji tena.