Yaache Masika Yapite Kwanza: Kupanda Mimea ya Majani Manene Katika Kiwanja cha Maweni

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu bustani yetu ya Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, huanza na suali la jua. Wanataka kujua ni mmea gani utakaostahimili ukavu wa Januari na Februari, wakati kaskazi inapovuma bila ya mvua na mawe yakawaka hadi hayakanyagiki kwa miguu mitupu. Suali hilo lina jibu jepesi, kwani mimea itambaayo yenye majani manene yaliyojaa maji imeumbwa kwa hali hiyo hasa. Lililo gumu ni masika. Katika miaka yote niliyoishughulikia bustani hii, mimea mingi niliyoiona ikifa, kwetu na kwa majirani, ilikufa Aprili na Mei, mizizi ikioza chini huku majani ya juu bado yanaonekana mazima. Kwa hiyo ushauri wangu wote unazunguka jambo moja: kitayarishe kiwanja kwa ajili ya mvua, na mmea wenyewe utajua la kufanya na ukavu.

Mimea ya jamii hii huweka akiba ya maji katika majani na mashina, na mingi kati yake hufunga vitundu vyake vya kupumulia mchana na kuvifungua usiku hewa inapopoa, ili maji yasiibiwe na jua. Mmea wa namna hiyo hauna haja ya kumwagiliwa kila jioni, na ukiulazimisha, maji usiyoyahitaji hukaa kwenye udongo na kualika ukungu wa kuozesha mizizi.

Ardhi yetu ya maweni ina faida na hasara zake. Mawe ya matumbawe yana matundu mengi, hivyo maji hayasimami juu yake kwa muda mrefu, na wakulima wa huku tangu zamani wamekuwa wakipanda katika vishimo vya udongo vilivyo baina ya mawe bila ya kuhitaji shamba lililo sawasawa. Mimea yetu itambaayo nayo huridhika na vishimo hivyo hivyo. Hasara ni kwamba jiwe hilo ni chokaa tupu, lile lile linalochomwa tanuuni, na udongo unaokaa juu yake huinyima baadhi ya mimea madini ya chuma. Ukiona majani machanga yamegeuka manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani, usikimbilie kuongeza maji. Ongeza mboji, na kama mmea haukubali, tafuta mwengine.

Kabla ya hayo yote kuna ndago. Sitaki kulipita jambo hili haraka, kwa sababu ndilo linaloamua kama bustani itakuwa ya kukaa na kuitazama au ya kuinamia kila wiki. Ndago huota kwa viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa chini ya ardhi kwa nyuzi nyembamba, na ukilipiga jani lake kwa jembe unakata nyuzi tu, kisha kila kiazi kilichoachwa peke yake huchipua upya. Mmea utambaao hauwezi kuizima, kwa kuwa jani la ndago ni jembamba na kali, nalo hupenya katikati ya zulia la majani na kusimama juu yake. Wakati huo huwezi tena kulima. Utabaki kung'oa kwa vidole, jani baada ya jani, ukivunja mashina ya mimea uliyoipanda. Njia iliyonifaa ni kuupindua udongo kwa sururu mnamo Januari, au kwa mtaimbo pale penye mawe, kisha kuviacha viazi vyake juani. Kiazi kilichofichwa udongoni huishi muda mrefu, lakini kikianikwa kwenye jua la kaskazi siku nyingi mfululizo, hukauka na kufa. Vile vikubwa ninaviokota na kuvitoa kabisa. Sivitupi kwenye shimo la mboji.

Baada ya hapo, usipande. Najua ni vigumu kukaa na kiwanja kilicholimwa bila ya kukitia kitu, na jirani yangu mmoja, bibi mwenye mkono mzuri wa kupanda, mpaka leo ananiona mvivu. Hata hivyo ninashikilia kwamba masika ya kwanza yapite juu ya ardhi tupu. Mvua za Machi hadi Mei zitakuonesha mambo mawili ambayo hakuna fundi wa bustani atakayekueleza kwa kuangalia tu. La kwanza ni pale ndago iliposalia, kwa sababu itachipua upya yote kwa pamoja, na udongo ukiwa laini utaweza kuing'oa pamoja na kiazi chake. La pili ni pale maji yanaposimama. Tembea kiwanjani saa moja baada ya mvua kubwa kukatika, weka jiwe au kijiti kila penye dimbwi, na uangalie hasa chini ya mchirizi wa paa, ambapo maji ya mabati huchimba mfereji na kurusha udongo ukutani. Chini ya mchirizi sipandi kitu. Ninatandika kokoto.

Penye dimbwi, ama achana napo, ama painue. Tuta la sentimita 15 hadi 20 linatosha, likiwa limechanganywa mchanga wa chenga kubwa, kokoto ndogo na mboji kidogo, na likiwa na mteremko unaopeleka maji mbali na nyumba. Samadi mbichi haifai, maana hurefusha mashina yakawa laini na mepesi kuoza. Mchanga wa ufukweni usiuchukue, kwani una chumvi, ni mwembamba mno kwa kazi hii, na unahitajika pale pale ulipo kuliko bustanini kwako.

Kuhusu mimea yenyewe, ninaanza na ule ambao tayari uko kwetu. Ukitembea juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, au pembezoni mwa mikoko, utaona mmea unaotambaa wenye mashina mekundu, majani manene yaliyochongoka kidogo, na viua vidogo vya rangi ya waridi. Jina lake la kitaalamu ni Sesuvium portulacastrum. Ukilitafuna jani lake ni la chumvi, na ndiyo sababu ya mimi kuupenda: hautishiki na visima vyetu vya pwani ambavyo maji yake yana ladha ya chumvi wakati wa ukavu, wala na upepo wa kusi, ambao kuanzia Juni hurusha chumvi ya bahari hadi madirishani. Kila kifundo cha shina lake kinachogusa ardhi hutoa mizizi. Chukua vipande vichache tu kutoka kwenye mashina marefu, usiung'oe, kwa kuwa ndio unaoushikilia mchanga wa ufukwe.

Portulaka ya maua, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, ni nzuri zaidi kwa macho. Maua yake ya rangi nyingi hufunguka jua likishapanda na kufunga alasiri. Lakini haidumu, baada ya muda shina hubaki wazi katikati na inabidi uikate na kuipandikiza upya, kwa hiyo mimi huipa ukingo wa njia peke yake. Ile ya majani ya zambarau, Tradescantia pallida ya Meksiko, hufunika haraka na hushamiri upande wa nyumba usiopigwa na kusi. Vaa glavu unapoikata, utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mshubiri hautambai, ila huzaa machipukizi pembeni na hujaza vishimo vya mawe vizuri sana. Wenzetu wa Pemba wanao hata mshubiri wenye jina la kisiwa chao, Aloe pembana, ambao ni wa kuutazama ulipoota na si wa kuuchimba. Aina nyingi za nchi za baridi zinazopendeza kwenye picha za intaneti, hasa zile za sedumu, siwashauri wenzangu kuzitafuta. Huhimili ukavu, lakini joto la kwetu lenye unyevu huziozesha.

Panda Juni, mvua zikishapungua na udongo ukiwa bado na unyevu wa chini. Kata vipandikizi vya urefu wa kama kidole, viache kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke, kisha vipande kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30. Mwagilia mara moja kwa wiki hadi mizizi ishike, halafu punguza mpaka uache. Adui wa wiki hizo ni kuku, ambao hufukua kila kipandikizi kwa kutafuta wadudu. Tandaza wavu mkuukuu wa kuvulia na uubane kwa mawe, lakini uondoe kabla mashina hayajapenya na kujifunga nao, la sivyo utautoa pamoja na bustani.

Uwanja wa mbele, unaofagiwa kwa chelewa kila asubuhi na ambapo watu hutandika mkeka, uacheni kama ulivyo. Hakuna mmea wa namna hii unaovumilia kukanyagwa kila siku. Chini ya mwembe pia hapafai, maana pana kivuli, na majani yanayoanguka hukwama ndani ya mmea na kushika maji.

Bustani ikishafunika, kazi iliyobaki ni ndogo. Vidung'ata wakionekana kama pamba kwenye vifundo, wasafishe kwa maji ya sabuni hafifu jioni. Konokono wa masika waokote usiku kwa tochi. Kabla ya Machi punguza mashina yaliyopandiana ili upepo upite chini yake, na vipande unavyovikata wape majirani au vianike mpaka vikauke kabisa kabla ya kuvitupa. Vya Tradescantia hasa usivitupe msituni wala kando ya barabara, kwa sababu kila kifundo kitaota.