Msimnyang'anye mzee wenu kahawa

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji, anasema baba yake amekutwa na homa ya ini B, ukoo umekaa kikao umeamua mzee asiguse tena kahawa, sasa mzee kanuna hata kula hataki, nimshauri wafanyeje. Nimesoma nikaweka simu chini nikatoka nje kwanza. Kikao kama hicho tulishakaa kwetu, na aliyepitisha uamuzi ni mimi.

Baba yangu alikuwa mtu wa kijiweni. Hapa hapa Mtwara mjini, akishaswali alasiri unamkuta kwenye benchi na wazee wenzake, kashata mkononi, wanabishana bei ya korosho mpaka magharibi. Nyumbani alikuwa na finjani yake, nyeupe ina mstari wa bluu, imemeguka kidogo ukingoni, akinywa anaweka kidole gumba pale palipomeguka ili isimkate mdomo. Macho yalipoanza kuwa ya njano na tumbo kujaa, majirani walikuwa na jibu tayari, kahawa imemkausha maini. Mganga mmoja akatuuzia unga wa mizizi, pesa ya korosho ya msimu ule ikaishia kwake karibu yote, akapiga marufuku kahawa. Mimi ndio mkubwa, nikaichukua finjani nikaificha juu ya kabati. Muuza kahawa akipita jioni anagonganisha vikombe vyake, baba anageukia ukutani. Miezi miwili tumekaa hivyo.

Hospitali tulikwenda mwishoni kabisa. Kupimwa damu, homa ya ini B, kakaa nayo miaka mingi bila kujua, ini limeshasinyaa. Nikamwambia daktari si ni hii kahawa, akasema, "Kahawa haina kosa hapa, mmechelewa tu kumleta." Wiki ya tatu tukamzika. Finjani ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo dada yangu nisikilize vizuri. Homa ya ini B ni kirusi, kinapita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na mama kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Hakipiti kwenye kahawa wala kwenye kula sahani moja na mgonjwa, na hili nalisema kwa uchungu maana sisi tulimtengea baba mpaka vyombo. Ila kahawa yenyewe ndio imenishangaza nilipoanza kusoma. Mwaka 2021 kulitoka utafiti wa Uingereza, watu karibu 495,000 wamefuatiliwa kama miaka 11, wanywaji wa kahawa walikuwa na hatari ndogo ya kupata ugonjwa sugu wa ini kwa asilimia 21, na ya kufa kwa ugonjwa huo kwa asilimia 49, na waliokuwa na nafuu zaidi ni wa vikombe vitatu vinne kwa siku. Vikombe vya kwao vikubwa lakini, sio finjani ya kijiweni. Na utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kukuhakikishia kwamba kahawa ndio iliyowakinga, kwa hiyo mtu asije akaacha dawa za hospitali akakaa kijiweni anasubiri kupona. Kahawa sio dawa ya kirusi! Naomba hilo lieleweke.

Kinachoua maini kwetu huku tunakijua tunakifumbia macho. Msimu wa mabibo ukifika pombe za uraka na nipa kila kona, kijana anakunywa mfululizo halafu kikombe cha kahawa cha baba yake ndio anakiona kibaya. Karanga zimeota ukungu mtu anachambua mbovu mbili tatu nyingine anasaga anatia kwenye mboga, ile ni sumukuvu, inaleta saratani ya ini, na ukiipika haiishi. Tupa jamani, hata kama ni debe zima. Na hiyo mizizi ya unga isiyojulikana ndani kuna nini, inapita kwenye ini lile lile linaloumwa.

Baada ya msiba nilipima, sina, nikachanja dozi zote tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, na najivunia sikuruka hata moja. Mdogo wangu alikutwa nayo, yuko chini ya daktari, anafanya kazi zake vizuri na kahawa anakunywa, kaambiwa pombe tu ndio asiguse.

Sasa nyie mrudishieni mzee finjani yake. Siku ya kliniki mmoja wenu aingie naye, amuulize daktari kahawa kiasi gani, maana kama ana presha au halali usiku kiasi kitakuwa tofauti. Sukari msimjazie, na aiache ipoe kidogo, kinywaji cha moto sana sio kizuri kwa koo. Halafu mkapime wote mliozaliwa kwenye nyumba hiyo pamoja na mama, wasio nayo wachanje. Ukipata majibu yako niandikie.