Maswali yenu kuhusu Bebra, stesheni iliyotengenezwa na mipaka

Baada ya makala yangu kuhusu miji midogo ya Ujerumani iliyolelewa na reli, barua nyingi zilizonifikia zimeuliza kuhusu mji mmoja tu: Bebra, mji wa watu wasiozidi elfu kumi na tano hivi, ulioko kando ya mto Fulda, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Hessen. Nimechagua maswali yanayonipa nafasi ya kusahihisha mambo ninayoona yakikosewa kila mara. Wale waliouliza nauli na saa za treni watafute ratiba, kwa kuwa safu hii si dirisha la tiketi.

Kassel ulikuwa mji mkuu wa Kurhessen, dola ya zamani ya Wajerumani, na Bebra kilikuwa kijiji. Kwa nini njia zote zikakutana kijijini? (Msomaji, Tanga)

Wengi hujibu swali hili kwa neno moja, yaani mabonde, na hapo ndipo wanapokosea. Ni kweli kwamba treni za enzi zile hazikupenda milima, na kwamba kutoka Bebra mtu anaweza kufuata bonde la Fulda au kuvuka kilima kwenda bonde la Werra. Lakini bonde halijengi reli. Wanaojenga reli ni watawala, na kila mtawala huipitisha pale panapomfaa.

Njia ya kwanza ilitoka Kassel na kufika Bebra mwaka 1848. Mwaka uliofuata ilipinda kuelekea mashariki, ikapita katika handaki la Hönebach lenye urefu wa karibu kilomita moja, ikaungana huko Gerstungen na reli ya Thüringen, eneo jirani la mashariki. Wakati huo Bebra ilikuwa kona tu ya njia moja. Kilichoigeuza kuwa makutano ni tamaa ya serikali ya Kurhessen kuwa na njia yake yenyewe ya kwenda Hanau na Frankfurt. Njia ya kufika Frankfurt kutoka Kassel ilikuwepo tangu mwaka 1852, kupitia Marburg na Giessen, ila ilipita katika nchi ya mtawala mwingine. Kwa hiyo njia mpya ikaanza kujengwa kutoka Bebra kwenda kusini: Hersfeld ilifikiwa Januari 1866 na Fulda baadaye mwaka huohuo, mwaka ambao Prussia, dola nyingine ya Wajerumani, iliiteka Kurhessen na kuifuta katika ramani. Aliyeianzisha reli hakuimaliza. Ilikuwa ni Prussia iliyoifikisha Hanau mwaka 1868.

Njia ya upande wa nne, ya kwenda kaskazini kupitia Eichenberg hadi upande wa Göttingen, ilikamilika mwaka 1876. Hiyo ndiyo iliyoipa Bebra uzito wake, kwa sababu treni za kutoka Hannover kwenda kusini hazikulazimika tena kuingia Kassel, ambako njia zilikomea ukutani na kila treni ilibidi itoke kwa kurudi ilikotokea. Mkumbuke kwamba pamoja na hayo yote, Bebra ilipewa hadhi ya mji mwaka 1935 tu. Stesheni ilikuwa kubwa miaka mingi kabla wenyeji hawajaitwa watu wa mjini.

Bebra ilikuwa Ujerumani Mashariki, sivyo? (Wasomaji saba, kutoka sehemu mbalimbali)

Sivyo. Bebra ilikuwa upande wa Magharibi tangu siku ya kwanza ya mgawanyo hadi ya mwisho. Stesheni ya mpakani ya upande wa Mashariki ilikuwa Gerstungen. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na ninawasihi mnaosambaza picha za zamani msome jina lililoandikwa kwenye kibao cha stesheni kabla ya kuandika maelezo chini yake.

Je, ni kweli kwamba Wamarekani na Warusi walibadilishana vijiji kwa ajili ya reli ya Bebra, na kwamba mapatano yalifanyika kwa kunywa pombe? (Msomaji, Mombasa)

Sehemu ya kwanza ni kweli kabisa, na ningependa ijulikane kuliko sehemu ya pili.

Mwaka 1945 Wamarekani walikuwa na kanda yao ya utawala kusini mwa Ujerumani, lakini bandari waliyoitumia, Bremerhaven, ilikuwa mbali kaskazini. Mizigo yao ilishuka kwa reli kupitia Göttingen na Bebra. Tatizo lilikuwa kipande cha njia hiyo, kilomita nne hivi karibu na Witzenhausen, ambacho kwa mujibu wa mipaka ya zamani ya majimbo kiliangukia katika kanda ya Wasovieti. Yeyote anayeshika kilomita nne za reli ameishika reli nzima, na treni zikawa zinazuiwa hapo.

Tarehe 17 Septemba 1945, katika mji mdogo wa Wanfried, majenerali wa pande mbili walitia saini mapatano ya kubadilishana ardhi. Vijiji viwili, Neuseesen na Werleshausen, vilihamishiwa upande wa Wamarekani, na reli ikawa yao yote. Kwa kubadilishana, vijiji vitano vya Hessen, vikiwemo Asbach na Sickenberg, vilikabidhiwa kwa Wasovieti. Watu waliuita mstari huo mpya mpaka wa wiski na vodka, wakisimulia kwamba maafisa walipeana chupa baada ya kutia saini. Jina hilo linavutia, na ndiyo maana kila anayesimulia kisa hiki huanza na chupa na kuishia kwenye chupa.

Mimi ninataka tuwatazame wenyeji. Hakuna aliyewauliza. Mwaka 1945 ilionekana kama marekebisho madogo ya mpaka wa utawala wa muda, lakini mwaka 1949 Ujerumani ikawa dola mbili, na mstari uliochorwa kwa ajili ya mabehewa ya mizigo ukawa mpaka wenye nyaya na walinzi wenye bunduki. Wakulima wa vijiji vitano wakajikuta, wao na watoto wao, katika nchi wasiyoichagua hadi mwaka 1990. Majirani wao wa vijiji viwili wakaepushwa na hayo kwa sababu tu reli ilipita karibu na mashamba yao. Hata leo vijiji vile vitano viko Thüringen na viwili viko Hessen. Anayeniambia kwamba historia ya reli ni historia ya vichwa vya treni na ratiba, ninamwelekeza Asbach.

Reli ya Kati ya Tanganyika ilijengwa na Wajerumani. Je, upana wake ni sawa na ule wa Bebra? (Msomaji, Morogoro)

La. Reli ya Kati ilijengwa kwa upana wa milimita 1,000, na ya Bebra ni milimita 1,435. Mjenzi kuwa mmoja hakufanyi njia iwe moja.

Baba yangu alisoma Berlin Magharibi na hutuambia kwamba treni ya kutoka Frankfurt iliingia Bebra mbele na kutoka nyuma. Je, anakumbuka vizuri? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mzee wako anakumbuka vizuri, na msikilizeni angali anasimulia. Njia ya Fulda na njia ya Gerstungen zote zinaingia Bebra kutoka upande wa kusini. Kwa hiyo treni iliyotoka Frankfurt kwenda Berlin iliingia stesheni, ikafunguliwa kichwa chake, ikafungiwa kingine upande wa pili, kisha ikaondoka kwa kuelekea ilikotokea kabla ya kupinda mashariki. Wakati wa mgawanyo, kwa kuwa Berlin ilizungukwa na nchi ya Mashariki, kichwa kilichofungwa hapo kilikuwa cha shirika la reli la Mashariki, ambalo lilihifadhi jina la zamani la Deutsche Reichsbahn, nacho kilivuka mpaka kuja kuichukua treni Bebra. Vichwa vya mvuke vya aina ya 01.5 kutoka Erfurt viliifanya kazi hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Njia ya zamani kutoka Gerstungen kwenda Eisenach ilitoka Mashariki, ikaingia kidogo Hessen kupitia Herleshausen, ikarudi tena Mashariki. Mwaka 1962 serikali ya Mashariki ilijenga njia nyingine kutoka Gerstungen hadi Förtha, milimani, ili treni zake zisikanyage ardhi ya jirani. Wamarekani walihamisha mpaka ili kuifuata reli. Mashariki ilihamisha reli ili kuufuata mpaka. Njia hiyo ya Förtha iliachwa baada ya muungano, mara njia ya zamani ilipofunguliwa tena, na ndivyo inavyokuwa kwa reli iliyojengwa kwa sababu ya woga.

Bebra iliuawa na magari, kama stesheni nyingine zote, au siyo? (Msomaji, Nairobi)

Siyo, na jibu hili la magari limekuwa kama mto wa kulalia kwa watu wasiotaka kuchunguza. Bebra ilipunguziwa hadhi na reli yenyewe. Mwaka 1991 reli mpya ya mwendo kasi kati ya Hannover na Würzburg, yenye urefu wa kilomita 327, ilifunguliwa yote, na treni za kasi za ICE zikaanza kwenda moja kwa moja kati ya Kassel na Fulda bila kupita Bebra. Njia hiyo ilipangwa wakati Ujerumani ingali imegawanyika, ambapo safari kuu za Magharibi zilikuwa za kaskazini na kusini. Mpaka ulipoondoka, wenyeji walitarajia kwamba safari za mashariki na magharibi zingewarudishia walichopoteza. Badala yake, katika ukarabati wa njia ya kwenda Erfurt baada ya muungano, palitandikwa kipande kinachoitwa mkunjo wa Berlin, kinachounganisha moja kwa moja njia ya Fulda na ile ya Gerstungen. Ule usumbufu wa kugeuza treni, ambao baba wa msomaji wetu aliukumbuka, ukaisha. Na sababu ya treni kusimama Bebra ikaisha pamoja nao.

Silaumu uhandisi wa mkunjo huo, kwani abiria wa Frankfurt na Leipzig ameokolewa muda wake. Ninachokilaumu ni desturi ya kuuacha mji mzima utegemee usumbufu wa wasafiri. Familia nyingi za Bebra ziliishi kwa kubadilisha vichwa, kupanga mabehewa, kukarabati mitambo, na kuzisukuma kwa nyuma treni nzito za mizigo katika mlima wa Cornberg. Kazi hizo zilianza kupungua nyaya za umeme zilipofika mwaka 1963, yaani miaka 28 kabla ya ICE. Palikuwa na muda wa kutosha wa kuwaandalia watu kazi nyingine. Miji mingine inayoishi kwa kutegemea kituo kimoja, bandari moja au kiwanda kimoja ihesabu miaka yake mapema.

Kwa nini jengo la stesheni liko katikati ya reli badala ya kando? (Msomaji, Kassel)

Kwa sababu abiria wengi hawakuja kukaa Bebra, walikuja kubadilisha treni; jengo likiwa kisiwani katikati ya njia, wa pande zote mbili hulifikia kwa urahisi. Nawe uliyeandika kwamba ulishuka kwenye reli ili upate picha nzuri ya jengo hilo, usirudie. Treni za mizigo bado hupita hapo mchana na usiku.

Je, stesheni hii itarudia ukubwa wake? (Msomaji, Tabora)

Kwa abiria wa safari ndefu, sioni dalili. Treni za mkoa bado huunganisha Bebra na Kassel, Göttingen, Fulda na Eisenach, zile pande nne zilezile za mwaka 1876, na mizigo ingali mingi. Upo mradi wa njia mpya kati ya Fulda na Gerstungen, ambao umeifanya Bebra na jirani yake Bad Hersfeld zishindanie kituo cha treni za kasi. Wanaoufuatilia wasikilize hoja za wenyeji wa pande zote mbili, na safari hii wenyeji hao waulizwe kabla mstari haujachorwa.