Umepata chembe nzito? Anza na kasi

Wiki hii mwanafunzi mmoja anayechambua data za miale ya anga ameniuliza: amepata chembe ya chaji 2 na masi 16 (ukihesabu protoni kuwa 1), je, atangaze? Asitangaze. Arudi kwenye tukio hilohilo alifungue upya, na aanze na kasi.

Tunachosaka mara nyingi ni strenjileti, bonge la kwaki (chembe ndogo zinazounda protoni na nyutroni) za aina tatu ambalo mwanafizikia Edward Witten alilijadili mwaka 1984. Hutambulika kwa chaji ndogo ndani ya masi kubwa. Heliamu ya kawaida ina chaji 2 kwa masi 4. Ya mwanafunzi wetu ina 2 kwa 16. Ndiyo maana moyo unamdunda.

Lakini kule juu hakuna mizani. AMS-02, kigunduzi cha chembe kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2011, hupima chaji, kasi na rijiditi, yaani jinsi chembe inavyogoma kupindwa na sumaku. Masi unaikokotoa mwenyewe: chaji mara rijiditi, gawa kwa βγ. (β ni kasi ukilinganisha na ya mwanga; γ ni 1/√(1−β²), hupanda haraka β ikikaribia 1.) Kwa β ya 0.9, heliamu-4 huwa na rijiditi ya gigavolti (GV) 3.9 hivi, chembe ya masi 16 ingekuwa na GV 15.

Wengi huangukia hapa: kosa la kasi likiingia kwenye masi huzidishwa kwa γ². Vipima muda vya AMS, vinavyotoa kasi kutokana na muda wa safari ya chembe, hukosea kasi ya heliamu kwa takriban asilimia 2. Kwa β ya 0.9 hiyo ni kama asilimia 11 ya masi, inavumilika. Kwa 0.98 inafika asilimia 50, na hapo heliamu ya kawaida huanza kujifanya mgeni. Linganisha na kigunduzi cha pete za mwanga wa Cherenkov, ambao chembe hutoa ikipita ndani ya kitu haraka kuliko mwanga upitavyo humo: sehemu yake ya sodiamu floridi huwaka kuanzia β 0.75, ile ya aerojeli (kitu kigumu chepesi sana) kuanzia 0.953. Kimya cha aerojeli nacho ni ushahidi. Ukiona humo pete safi ilhali vipima muda vinasema 0.9, basi vipima muda vimekudanganya.

Kisha kagua njia. Kiini kikigonga kitu katikati ya safari huchepuka, na programu inayounganisha nukta ilizoacha kwenye tabaka za silikoni inaweza kuuona mstari umenyooka kuliko ulivyo. Rijiditi hupanda, masi nayo hupanda. Pima rijiditi kwa tabaka za juu peke yake, kisha za chini peke yake. Zisipokubaliana, tupa. Chaji nayo isome tabaka kwa tabaka: ikianza 3 ikaishia 2, kiini kimevunjika ndani ya kigunduzi. Inauma kutupa tukio zuri, najua, lakini tupa.

Sumaku ya dunia ni msaidizi wa bure ambaye wengi humsahau. Kituo kikipita juu ya Kenya au Uganda, chembe inayotoka anga za mbali huhitaji zaidi ya GV 10 ili ipenye. Kwa GV 10, heliamu ya kawaida lazima iwe imefika β 0.98, ya masi 16 inaweza kuingia kwa 0.8 tu. Kwa hiyo tukio la polepole lenye rijiditi kubwa karibu na ikweta ni ushahidi wenye nguvu kuliko lilelile karibu na ncha za dunia. Sehemu ya Atlantiki ya Kusini ambako protoni zilizonaswa na sumaku ya dunia hufurika, iondoe kabisa.

Tarehe nayo itazame. Tabaka za pembeni za silikoni husogea joto likibadilika, na pampu za kuzipoza zilisumbua mpaka wanaanga Luca Parmitano na Andrew Morgan walipofunga mfumo mpya, Novemba 2019 hadi Januari 2020.

Ukibaki na sifuri, usione haya. PAMELA, kigunduzi kingine kilichorushwa Juni 2006, haikuona strenjileti hata moja na ilichapisha kikomo cha juu cha wingi wake. Chukua 3, idadi ya juu ya matukio inayolingana na kuona sifuri kwa uhakika wa asilimia 95, gawa kwa uwezo wa kupokea mara muda mara ufanisi. Namba hiyo ndiyo ya kuandika.