Shusha tangazo, mkuu: unauza popo ili ununue popo

Shusha hilo tangazo kwanza, salamu baadaye. Mtu anaandika hapa kwamba anamuuza Mindwipe wake wa 2016, toy la Transformers linalogeuka kutoka roboti kuwa popo, ili aongezee hela amchukue Draculus, popo mwingine wa Transformers, na nyie wote mnampa hongera na kubishana kuhusu taa za kabati. Humu ndani hakuna mwenye huruma?

Mkuu, Draculus ni Mindwipe. Sisemi wanafanana, nasema kalibu, yaani fomu ya kumwagia plastiki, ni moja. Mwaka 2021 Hasbro walichukua kalibu ya Mindwipe wa Titans Return, wakambadilishia sura na rangi, wakamweka kwenye boksi la Dracula wa filamu za Universal. Popo yuleyule, mabawa yaleyale, miguu inajikunja vilevile. Unatoa popo, unaongeza hela juu, unaletewa popo. Na kwa vile Mindwipe tangu miaka ya 80 sifa yake ni kulaza watu akili kwa macho, naanza kuamini alikuwahi wewe siku unampiga picha za tangazo.

Mimi somo hili nililipia kwa bei ya Masterpiece (zile Transformers za bei ya juu), ndiyo maana napiga kelele.

Nilikuwa na Optimus MP-10, lori la Masterpiece la kampuni ya Kijapani ya Takara Tomy, yule aliyetoka 2011, mwekundu na bluu kama Mungu alivyopenda. Nikaja kuona kolabo (toleo la kushirikiana) na katuni ya Kijapani ya Evangelion, ile ya 2014: Optimus zambarau na kijani, tela nalo zambarau na kijani. Aisee. Nilimwona kwenye video ya jamaa mmoja mwenye sauti nzuri sana (sauti nzuri imewaponza wengi). Alizungusha boksi mpaka nikahisi harufu ya karatasi. Akasema hii siyo toy, ni sanaa, na zimebaki chache. Video nzima hakumweka hata mara moja karibu na MP-10 wa kawaida. Na chini ya video kulikuwa na linki ya duka. Linki hiyo, kumbe, kila mtu akinunua jamaa anakatiwa chake. Sasa angesemaje kwamba ni yuleyule amepakwa rangi? Angekula wapi?

Nikamuuza mwekundu wangu kwa rafiki, tena kwa bei ya haraka maana "zimebaki chache". Nikaongeza akiba. Nikaagiza kupitia wakala. Wakala ananipa bei ya mzigo kwa kilo, nami nikapiga hesabu ya kilo nikalala usingizi. Mzigo ulipofika Dar ndipo naambiwa kwa ndege wanapima na ukubwa wa boksi, siyo uzito peke yake. Boksi lenye Optimus na tela lake ni kubwa, ndani nusu yake ni hewa. Nililipia hewa ya Japani kwa kilo.

Haya, nimefika nyumbani, nimemtoa. Yule rafiki aliyenunua mwekundu akapiga simu kujua nimepokea. Nikashikilia simu kwa bega, huku mikono inamgeuza zambarau kutoka lori kuwa roboti. Tunaongea mambo ya mpira. Akauliza, "Vipi huyo mpya, mgumu kugeuza?" Nikatazama chini: ameshasimama. Karatasi ya maelekezo bado imo kwenye nailoni yake. Nikafungua kifua, Matrix, kile kitu anachobeba Optimus kifuani, hiyo hapo. Nikafungua tela, karakana ileile. Nilikuwa nimemaliza kazi yote bila kuangalia kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeshaizoea kazi hiyo kwa mwekundu, kila bawaba.

Msinicheke. Zambarau inaendana na mapazia yangu.

Nikamwomba rafiki aniuzie tena mwekundu wangu. Akasema haiwezekani, mtoto wa dada yake ameshamzoea. Huyo mtoto alikuwa hajaanza kukaa.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu, na nitaiandika kila uzi mpaka mnifungie: angalia kalibu kabla ya nembo. Kolabo nyingi ni mwili wa zamani umevishwa sare mpya. Huyo MP-10 peke yake amevaa Evangelion, amevaa nguo za Bape, chapa ya mavazi, na mwaka 2019 akavaa rangi za filamu ya Ghostbusters akaitwa Ecto-35. Ukiwa huna hata mmoja, chukua unayempenda, kalibu yenyewe ni tamu. Lakini ukiwa naye mmoja, jua unalipia rangi, na kwa ajili ya rangi usiuze mwili ulionao. Kujua ni rahisi: tafuta video ya kumgeuza, zima sauti (hasa sauti nzuri), kisha tazama mgongo na nyuma ya miguu. Usoni watakuchongea kichwa kipya wakudanganye, mgongoni hawahangaiki.

Sasa kuna waliotengenezwa kwa ajili ya kolabo yenyewe, hao ndio wa kufunga mkanda kwa ajili yao. Gigawatt uliyemuulizia, yule anayegeuka gari la DeLorean la filamu ya Back to the Future, wa 2020, mimi ningemchukua leo hii kabla ya Draculus, maana huna gari hilo kabatini. Bei unaiona kubwa kwa mwili mdogo, kweli, lakini angalau ni mwili mpya kwako. Megatron anayegeuka kifaru cha H.I.S.S. cha Cobra, maadui wa G.I. Joe, mwenye Baroness wake (mwanamke wa Cobra) wa kumwendesha, naye hivyohivyo. Kuna aliyesema juu kwamba Optimus wa PlayStation "utacheza gemu": hachezi gemu hata moja, kama vile Megatron wa Mega Drive wa 2014 asivyocheza. Anakaa tu kama mashine ya gemu, wewe ndiye utamwangalia.

Na kama unampenda Dracula kweli kutoka moyoni, sawa, subiri mshahara umchukue, umweke ubavuni mwa Mindwipe. Popo wawili kabatini ni ukoo. Lakini kumtoa mmoja ili aingie mwenzake, hapana, labda uniambie na wewe una mapazia meusi.

Ulikuwa umeuliza na nini vile? Ectotron (Transformer wa gari la Ghostbusters), mambo ya kutunza maboksi, na wakala gani mzuri. Wakala usiniulize mimi. Hayo mengine wenzangu watakujibu. Mnunuzi wa Mindwipe kama ameshatuma hela mrudishie usiku huu, mwambie mjomba wako amekataa.