Maswali ya wasomaji: Hivi kindi wanaopaa wanaisha kweli?

SWALI: Salaam mhariri. Juzi nimeona video ya kindi anapaa toka mti mmoja mpaka mwingine kama karatasi imepeperushwa, chini hapo watu wakaanza kubishana, huyu anasema hao wanyama wako mbioni kuisha, yule anasema wamejaa tele. Nani mkweli? Na wanaishi wapi hasa?

JIBU: Wote wakweli ndugu yangu, ila kila mmoja anamsema kindi wake. Hao jamaa wako aina kama 50 hivi, wengi wako Asia. Yule wa mashariki mwa Marekani wala hana shida, Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamweka na wale wasiotia wasiwasi. Sasa nenda Namdapha, kaskazini mashariki mwa India, kuna kindi ambaye sayansi ilimjua kwa mmoja tu aliyepatikana mwaka 1981, huyo yuko hatarini kabisa. Na kaskazini mwa Pakistan yupo mwingine mwenye manyoya mazito kama ya sufu, anakaa kwenye majabali na mapango na chakula chake kikubwa ni majani ya misonobari, watu walishamhesabu kama ametoweka mpaka alipokuja kuonekana tena mwaka 1994.

Ila mimi naona ukitaka kujua hali yao usihangaike na idadi, angalia miti. Kindi huyu hapigi mabawa, anateleza tu hewani kwa ile ngozi iliyo kati ya mkono na mguu, kwa hiyo akianzia juu ndo anafika mbali, miti ikiwa mifupi au msitu ukikatwa katikati ukabaki uwazi mpana basi amekwama upande mmoja. Halafu wengi wanalala na kuzaa kwenye matundu ya miti, mara nyingi yale yaliyotobolewa na vigogota, na matundu hayo huyapati kwenye mti wa juzi, yanataka miti mizee na mingine iliyokufa imesimama, ambayo ndo watu wanaiona uchafu wanaifyeka kwanza!

Mfano mzuri ni Finland. Kindi wa kule ameenea toka huko, Urusi yote mpaka Japani, kidunia hayupo hatarini, lakini Finland kwenyewe amepungua sababu misitu ya zamani inavunwa, na sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kuharibu sehemu anazozalia na kupumzikia.

Na wakiachiwa msitu wanarudi, usidhani ni hadithi. Milima ya West Virginia, Marekani, ile misprusi myekundu (miti ya jamii ya misonobari) ilikatwa vibaya sana zamani, kindi wa pale, ambaye sio yule niliyesema hana shida, akaingizwa kwenye orodha ya serikali ya walio hatarini mwaka 1985. Msitu ukaota tena, mwaka 2008 akatolewa, kesi ikaenda mahakamani akarudishwa 2011, halafu 2013 akatolewa tena. Ndugu yake wa milima ya North Carolina na Tennessee bado yumo. Na kindi mwenyewe anachangia msitu kuota, maana anachimba na kula uyoga unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya misprusi, akienda haja huku na huku anasambaza mbegu za uyoga na miti inahitaji uyoga huo kupata chakula toka ardhini.

SWALI: Na Afrika je, hatuna wetu?

JIBU: Tunao wanaofanana nao, wako misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati na wengine mpaka Tanzania. Wanateleza hewani vilevile, ila hao sio kindi hata kidogo japo ukiwaona utabisha. Wana magamba chini ya mkia yanayowasaidia kushika gome la mti, na kiukoo wako karibu zaidi na kamendegere kuliko kindi.