Sola ya paa langu inajizima saa sita: maswali yenu kuhusu inveta na stima ya mtaa

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Niko Bamburi, nina nyumba za kupangisha na nimefunga sola ya kilowati 8, haina betri, imeunganishwa na stima ya Kenya Power. Jua likikolea kama saa sita inveta inajizima, skrini inaandika volti iko juu, baada ya dakika chache inawaka halafu inazima tena, mchana kutwa ni hivo hivo. Majirani wawili nao wana sola. Kuna mwengine hana, yeye anasema sisi ndio tunamuunguzia balbu. Ni kweli tunaharibu stima ya mtaa?

JIBU: Wa aleikum salaam dadangu. Huyo jirani ana haki ya kulalamika, lakini sola yenyewe haina makosa, makosa ni vile inveta, yaani vile vifaa vinavyogeuza stima ya paneli iwe kama ya laini, zilivyoachwa bila kupangwa.

Iko hivi. Ili stima itoke kwa paa lako iende kwa laini, inveta lazima isukume kwa volti iliyo juu kidogo kuliko ile ya laini. Nyinyi mko watatu, mnasukuma saa ile ile, na saa hio wapangaji wako kazini, hakuna pasi wala AC inayowaka, kwa hivo stima haina wa kuila hapo karibu, inabidi irudi na waya mpaka kwa transfoma, na waya ukiwa mrefu na mwembamba ndio volti inazidi kupanda huko mwisho wa laini. Yule asiye na sola yuko kwa laini hio hio, naye anapokea volti hio hio.

Sasa angalia hesabu. Stima yetu ya nyumbani ni volti 240. Ulaya ni 230, na mpaka wao wa juu ni asilimia 10 zaidi, yaani 253. Kama fundi aliitoa inveta kwa boksi akaiwasha na mipangilio ya Ulaya vile ilivyokuja, basi kutoka 240 mpaka pale inapokata una volti 13 tu za kuchezea, na mtaa wenye sola tatu unazimaliza upesi. Simama mbele ya skrini mchana mmoja uangalie, utaiona 247, 250, 252, halafu usikie relei, ile swichi ya ndani, ikilia tak, na namba za kilowati zinashuka hadi sufuri. Sola zenu zote tatu zikikata karibu pamoja volti inashuka, kila inveta inaona mambo shwari, zinarudi, volti inapanda, zinakata. Huko kupanda na kushuka nako kunachosha vyombo vya jirani, juu ya ile volti ya juu yenyewe.

Mwite fundi afungue menyu akuonyeshe imewekwa mipangilio ya nchi gani. Lakini tafadhali asiwe mtu wa kuinua tu ule mpaka wa kukata ili wewe utoe stima zaidi, mana hapo utakuwa kweli unamuunguzia mwenzako. Mwambie awashe mambo mawili ambayo inveta nyingi za siku hizi zinayo na yamelala tu.

La kwanza ni kupunguza pole pole. Badala ya inveta kutoa yote hadi volti ifike juu ikate kabisa, inaanza kupunguza kilowati kadiri volti inavyopanda, yaani kutoka 8 inakwenda 7, 6, 5, inatulia pale laini inapostahimili. Unapoteza kidogo saa sita, lakini hupotezi yote.

La pili ni ile pawa riaktivu, na hii ndio watu wengi hawaijui. Ni stima inayokwenda na kurudi kwenye waya bila kufanya kazi ya kuwasha balbu, lakini mota, friji na transfoma haziishi bila hio, na ndio mafundi wa gridi, yaani mtandao wa stima wa nchi, wanaitumia kupandisha na kushusha volti. Inveta inaweza kuinyonya volti ikiwa juu na kuitoa volti ikiwa chini, inajipima yenyewe bila kuambiwa na mtu. Kwa laini nyembamba za mtaani haileti nafuu kubwa kama kwenye laini kuu, lakini inveta tatu zikifanya pamoja utaiona tofauti kwenye skrini. Zingine zinafanya hata usiku jua likiwa halipo, kama zimetengenezwa hivo.

Halafu pampu ya kisima mnawasha saa ngapi? Kama ni alfajiri, ihamishe saa sita ijaze matangi juu wakati jua liko kali. Stima inayoliwa nyumbani haisumbui laini. Ukishafanya yote hayo na bado volti iko juu hata sola zote zikiwa zimezimwa, basi shida ni ya transfoma, andika malalamiko Kenya Power na uweke picha za skrini zenye saa na tarehe.

SWALI: Stima ikipotea mchana na jua linawaka, sola yangu nayo inazima. Niliuziwa nikaambiwa nimeaga giza. Nimedanganywa? Msomaji, Tudor.

JIBU: Kukuambia umeaga giza hawakusema kweli kaka, lakini inveta yenyewe inafanya inavyotakiwa. Ile ya kuunganisha na gridi bila betri inasubiri ione stima ya gridi ndio ifuate mdundo wake. Gridi ikipotea inajizima mara moja, na ulinzi huo usiruhusu mtu auondoe kabisa kabisa, mana kuna fundi wa laini atapanda nguzo akijua waya hauna stima, na sola yako ikiendelea kutoa itamuua. Ukitaka taa mchana huo unahitaji inveta ya haibridi (ile inayofanya kazi na gridi na betri pia), betri, na swichi inayoikata nyumba kutoka kwa laini kabla ya kuwasha ya kwako.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa umeme hapa Mombasa. Darasani tumebishana, wengine wanasema sola ikizidi gridi inaanguka, ati Uhispania ndio ushahidi. Kenya tupunguze?

JIBU: Swali zuri, na mimi nasema tusipunguze, tupange mapema.

Tarehe 28 Aprili 2025 saa sita na nusu mchana Uhispania na Ureno ziliingia gizani. Wataalamu waliochunguza walisema volti ilipanda, mitambo ikaanza kukata mmoja baada ya mwengine, na kila ukikata volti inazidi. Sasa sikiliza hapa: mitambo mingi ya sola kule kanuni zilikuwa haziidai isaidie volti, ilikuwa kwenye mpangilio wa kudumu usiofuata volti, na mitambo mingine ya kawaida iliyotakiwa kunyonya pawa riaktivu haikunyonya ya kutosha. Yani ni yale yale ya Bamburi, ila nchi nzima. Vifaa vya kusaidia vilikuwepo, vingine havikuambiwa vifanye kazi, vingine havikufanya ya kutosha.

Ujerumani walijifunza mapema. Inveta zao za zamani ziliamriwa zote zikate frikwensi, yaani ule mdundo wa gridi, ikifika hezi 50.2. Zikiwa chache haina neno, lakini zikawa gigawati kwa gigawati, wakaona siku frikwensi ikipanda kidogo zote zitakata kwa pigo moja na Ulaya itatikisika. Kuanzia 2012 ikabidi wazipitie sola zaidi ya 300,000 kuzibadilisha, ziwe zinapunguza kidogo kidogo. California nako, 16 Agosti 2016, moto wa msituni ulisababisha hitilafu kwenye laini kuu, na karibu megawati 1,200 za sola zikaacha kutoa stima, baadhi ya inveta zilisoma frikwensi vibaya kwa sekunde ile moja. Hawaii walikuwa na bahati, 2015 walibadilisha mipangilio ya takriban inveta ndogo 800,000 kwa intaneti bila kupanda paa.

Halafu kuna suala la uzito. Mitambo ya kuzalisha stima ya Olkaria na Kipevu ina vyuma vizito vinavyozunguka, na mtambo mmoja ukipotea vile vingine haviachi kuzunguka papo hapo, kama mkokoteni uliojaa ambao msukumaji akiuachia bado unakwenda. Sola haina chuma kinachozunguka. Lakini kuna inveta ambazo hazisubiri kufuata mdundo wa gridi, zinautengeneza zenyewe, hasa zikiwa na betri. Betri kubwa ya Hornsdale kule Australia Kusini iliwashwa 2017, na 2022 ikaruhusiwa kutoa huduma hio hio ya kushikilia frikwensi iliyokuwa kazi ya vyuma.

Kwetu kilele cha matumizi ni jioni na sola inatoa mchana, na nchi nzima ikizima, kama ule usiku wa 25 Agosti 2023, unajua vile inavyokuwa. Sola bado ni chache kwa gridi yetu, ule mtambo wa sola wa Garissa ni kama megawati 50 hivi, kwa hivo huu ndio wakati wa kudai kila inveta inayoingia bandarini iwekwe volti 240, ipunguze pole pole, isaidie volti, isikate kwa hitilafu ya sekunde moja. Kuliko kuja kuzunguka mapaa laki tatu baadaye.

Wewe mwanafunzi, fundi wa kuunganisha sola na gridi anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ya daraja la T3. Anza kuulizia masharti yake sasa, na ukienda mazoezini usikubali kufundishwa kufunga paneli peke yake, omba ukae na ile menyu ya inveta.